Insha Tulizochemshia Chai

Mpendwa mke wangu, Mama Jamila,

Binti yako alikuja juzi na ombi. Anataka kitu chenye mwandiko wako, akitie kwenye fremu, akitundike sebuleni kwake. Nikampa kadi yake ya kliniki, ile uliyoijaza mwenyewe ukiwa bado kitandani kwa sababu hukumwamini muuguzi wa zamu. Akaigeuza, akasoma uzito wake na chanjo zake, akanirudishia. "Baba, hii ni kadi. Mimi nataka maneno ya mama."

Nikamwambia maneno ya mama yake yalikuwa mengi, kurasa kwa kurasa, tena kwa Kiingereza, ila tuliyachemshia chai. Akanitazama vile watu wanavyomtazama mzee aliyeanza kusahau kufunga mlango. Kwa hiyo nakuandikia. Shahidi wangu ni wewe tu.

Unamkumbuka yule mama aliyetoka Nakaloke. Najua unamkumbuka, maana hukuwahi kumtaja zaidi ya mara mbili. Wakati ule wa utawala wa jeshi ulikuwa msaidizi wa wodi, mwaka wa sita wa kubeba mabeseni. Wakunga wenye vyeti walikuwa wanapungua. Wengine walivuka mpaka, wengine hatukuuliza. Yule mama aliletwa mchana juu ya baiskeli, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga aliyebaki alikuwa na mzazi mwingine upande wa pili. Wewe ulikuwa umeiona hali ile mara nyingi na ulijua mkono uanzie wapi, lakini amri ya wodi ilikuwa kwamba msaidizi asiye na cheti hamgusi mzazi. Ukasimama na beseni lako. Mkunga alipofika mbio, beseni lilikuwa bado mikononi mwako, maji yamepoa, na yule mama hakuyahitaji tena.

Ulirudi nyumbani hukulia. Ulinawa mikono. Ukanawa tena. Nikatamani kukukumbusha kwamba sabuni siku zile ilikuwa mgeni wa heshima, aingiaye nyumbani kwa mlango wa nyuma, lakini nikauona uso wako nikakuongezea maji. Ndipo ukasema, bila kugeuka, "Nautaka ule mtihani."

Mtihani wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Watoto wa Mbale walikuwa wanazaliwa kwa Lugisu, kwa Luganda na kwa Kiswahili, na wote wakitoka wanalia lugha moja, lakini mlango wa chuo cha wakunga ulifunguka kwa Kiingereza tu. Kulikuwa na sehemu mbili. Ya kuandika ilifanyiwa hapahapa Mbale. Ya kuzungumza ilifanyiwa Jinja, mbele ya watahini wenye macho na masikio. Aliyeanguka sehemu moja aliruhusiwa kuirudia mara moja. Akianguka tena, beseni lake linamngoja pale alipoliacha.

Ukahitaji mtu wa kukutahini nyumbani. Ukaniangalia mimi. Kusema kweli, hakukuwa na mwingine chumbani.

Mimi nilikuwa kinyozi wa mtaa wa Malukhu niliyeishia darasa la nne. Kiingereza changu kilitoka kwenye magazeti makuukuu niliyoyakata vipande vya kufutia wembe. Nilikuwa na tabia ya kusoma kipande kabla ya kukipaka povu, ndiyo maana nilijua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa habari chache. Waziri fulani amewaambia wananchi kwamba... basi, ndevu. Kwa elimu hiyo nikawa mtahini.

Kitabu alituletea Wafula, yule dereva wa lori kutoka upande wa Kenya, aliyekuwa akipumzisha gari Busiu na kuja mjini kunyolewa. Bado namwona akiingia dukani ameshika tumbo kama mwenye mimba, kisha anakitoa kitabu ndani ya shati.

"Kinyozi, nimekuletea Kiingereza."

"Kimepitaje mpakani?"

"Askari aliniuliza kama ni cha kuuza au cha kutumia. Nikamwambia ni cha shemeji. Akasema shemeji akimaliza kukitumia, hata yeye anakitaka."

Kilikuwa kimeng'oka kurasa za mbele, kwa hiyo tulianza na swali la kumi na nne. Mpaka leo sijui yale kumi na matatu ya mwanzo yalikuwa yanauliza nini. Labda ndiyo yaliyokuwa mepesi.

Jioni ulikaa na daftari, ukachagua mada, ukaandika. Safari niliyoipenda. Barua kwa rafiki aliye mbali. Siku ya soko. Ukimaliza unanipa nisahihishe. Nilisahihisha kwa macho ya kinyozi: mstari umenyooka au umepinda, pembeni kumechongwa vizuri au hapana. Nikatoa alama. Sita, saba, siku moja nane. Kumi sikutoa, nilihofia utalewa sifa. Nilitikisa kichwa katikati ya ukurasa, nikaguna kidogo karibu na mwisho, nikaandika neno moja la onyo kwa penseli. Wewe ulipokea daftari kwa heshima, ukasema, "Asante, mwalimu." Nikajiona nimekuzidi ujanja.

Kisha tukachana ule ukurasa, tukautia kwenye jiko la mkaa, chini ya sufuria.

Hiyo ilikuwa amri ya baba yako, na hatukuhitaji atukumbushe. Jamila haijui habari hii vizuri, kwa hiyo niieleze hapa, atakuja kuisoma. Kaka yako Hamisi alikuwa fundi redio Jinja. Alikuwa na daftari alilokuwa akiandika majina ya wateja na redio ya kila mtu, asije akampa huyu sauti ya yule. Walipokuja kumchukua, asubuhi, kwa gari lisilo na namba, walichukua na daftari. Wiki ile watu walioandikwa mle walianza kuitwa mmoja mmoja kuulizwa redio zao zinasikiliza nini. Tangu hapo kwa baba yako haikubaki karatasi yenye mwandiko wa mtu. Hata orodha ya dukani aliikariri. Na sote tukafundishwa jibu moja: Hamisi amevuka, yuko Kisumu, amepata kazi. Tulilisema sokoni, msikitini, hata sisi kwa sisi tukiwa tumefunga mlango. Ulilisema vizuri kuliko wote. Ulilisema mpaka siku moja nikakusikia ukiuliza kama Kisumu kuna baridi.

Basi chai ya nyumba yetu ikawa inachemshwa kwa safari ulizozipenda na marafiki walioko mbali.

Sehemu ya kuandika uliifanya ukaishinda. Mimi nikatembea Malukhu siku mbili nimeinua kidevu, kama mtu ambaye wembe wake umesifiwa. Ikabaki Jinja.

Ile safari niliisikia kwako kiasi kwamba naweza kuisimulia kama nilikuwepo. Kutoka hapa mpaka Jinja mlisimamishwa mara nne kwenye vizuizi vya askari. Kila mara mnashuka, mnapanga mstari, mikono wazi. Wewe natoka wapi? Nakwenda wapi? Nabeba nini? Kila mara unatoa jina, jina la baba, natoka Mbale, nakwenda Jinja, sina kitu, ni hayo tu, afande. Watu wa wakati ule tulijua kujibu. Jibu zuri lilikuwa fupi, halina mtu mwingine ndani yake, na linaishia kwa afande. Anayeongeza neno anaongezewa swali.

Ukafika kwenye chumba cha mtihani na vumbi lako. Mzee mmoja wa miwani, mama mmoja wa kitambaa kichwani, meza, kiti kitupu. Hakuna bunduki hata ya picha. Mzee akasema kwa Kiingereza chake cha upole, karibu, kaa, tuambie habari za familia yako.

Hukukaa. Ulisimama wima, viganja mbele waone. Ukatoa jina. Jina la baba. Natoka Mbale, nakwenda Mbale. Sina kitu. Ni hayo tu, afande.

Yote kwa Kiingereza safi, bila kosa.

Yule mama akajaribu kukusaidia. Una kaka? Una dada?

"Sijui, afande."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. "Binti yangu," akasema, safari hii kwa Kiswahili, "mimi ni mwalimu."

"Ndiyo, afande."

Uliponisimulia ulikuwa umekaa juu ya gunia la mkaa, viatu mkononi. Na mimi nikacheka. Najua. Ulinisamehe mara nyingi katika maisha yetu, lakini kila nilipokukasirisha kwa jambo lingine ulikirudisha kile kicheko mezani, kikiwa bado cha moto. Najitetea kwa mara ya mwisho: nilicheka kwa sababu kila mtu niliyemjua angejibu vilevile. Ningekuwa mimi, ningejigeuza mwenyewe nipekuliwe.

Hukucheka. Ulisema, "Mi siwezi tena kuongea, Abdu. Nikifungua mdomo inatoka ile ya barabarani." Ulivyoniita kwa jina langu hivyo nikajua tumefika chini kabisa. Ilibaki nafasi moja, miezi mitatu mbele, na nyuma ya nafasi hiyo lilikuwepo beseni, na nyuma ya beseni alisimama yule mama wa Nakaloke.

Siku hiyo kitabu cha Wafula kilitushinda. Unaweza kumfundisha mtu maneno. Wewe maneno ulikuwa nayo. Nilikuuliza swali la kumi na tisa, ukanijibu kwa mstari mmoja na kunyamaza, mikono imejipanga juu ya magoti. La ishirini hivyohivyo. Nikaona nikiendelea kukuuliza uso kwa uso, nami nitaishia kuwa kizuizi cha tano.

Ndipo nikakumbuka kazi yangu. Watu walikuwa wameacha kuongea mitaani, wameacha sokoni, lakini kwenye kiti changu waliendelea kuongea, tena wengine wakajishtukia wamekwisha kusema. Siri yake ni ndogo. Mtu akitazamwa usoni hufunga. Mkalishe, mfunge kitambaa shingoni mikono ibaki ndani, msimamie nyuma, mwekee mkono kichwani, mwache ajitazame kwenye kioo. Baada ya muda anaanza kumsimulia yule wa kwenye kioo, na wewe unakuwa tu mtu wa kupita. Nilikuwa nimesikia mengi kwa njia hiyo. Mengi nisingependa kuyasikia.

Kwa hiyo Alhamisi mchana, saa za wateja wachache, nilikukalisha mbele ya kile kioo kikubwa nilichoachiwa na Mhindi aliyekuwa na duka kabla yangu, Wahindi walipofukuzwa nchini. Aliniachia kwa sababu hakikuingia kwenye sanduku. Nikakufunga kitambaa. Ulilalamika kwamba kinanuka askari. Nikakipaka poda. Nikaanza kukutia mafuta nywele polepole, kitana kwa kitana, na kwa sauti ile ninayowauliza wateja kama wanataka ndevu zishuke au zipande, nikakusomea swali lililokuangusha. Tuambie habari za familia yako.

Nikamaliza upande mmoja wa kichwa. Kisha ukaanza. Sikuelewa sana. Nilishika neno mama, neno maji, neno Jinja. Ulisema kidogo, ukasimama, nikaendelea kuchana kana kwamba sijasikia, ukaendelea. Alhamisi iliyofuata uliongea mpaka mafuta yakaisha. Nilitikisa kichwa nyuma yako, ukaniona kwenye kioo. Ya tatu ulicheka katikati ya sentensi, peke yako, na nikatamani sana kujua umesema nini.

Lakini jina la Hamisi halikutoka. Lingetoka ningelisikia, jina halitafsiriwi.

Sasa tufike Alhamisi ile. Mlango ulikuwa nusu wazi kwa ajili ya joto. Ulikuwa katikati ya maelezo marefu, nami nipo kisogoni, kioo kikaingia giza. Askari. Kofia, buti, ndevu za siku tatu. Uliacha neno hewani. Niliyaona mabega yako yakipanda chini ya kitambaa, na mikono ikaanza kutafuta njia ya kutoka, ikae mahali pa kuonekana.

"Nyinyi nazungumza nini hapa?" akauliza.

"Afande, karibu. Huyu ni mke wangu. Anajisomea mtihani."

"Mutihani gani ya kukaa kwa kinyozi?"

"Ya wakunga, afande. Ya kuzalisha watoto. Ni lazima ajue kuzungumza Kiingereza."

Akavuta kile kiti changu kibovu cha pembeni, akakaa, akavua kofia, akainua kidevu. Nikamfunga taulo. Nilikuwa nimeanza kumpaka povu, hilohilo la sabuni ya kufulia, aliposema, macho juu, "Bibi yangu iko na mimba. Ya kwanza." Kisha akakuangalia kwenye kioo. "Endelea, mama. Mimi nasikia tu."

Ukaniangalia. Mimi nilikuwa na wembe mkononi na shingo ya serikali mbele yangu, sikuwa na msaada wowote wa kukupa. Nikafanya kitu pekee nilichokijua. Nikakusomea swali, kwa sauti ya ndevu zishuke au zipande. Una kaka? Una dada?

Na wewe, mke wangu, ukaanza kusema.

Hukusema haraka. Ulikitazama kioo, wala si yeye, ukasema, na jina la Hamisi likatoka, likatoka tena, mara tano, sita. Nilisikia redio. Nilisikia asubuhi. Nilisikia gari. Niliyakamata maneno hayo machache tu na yalinitosha kujua uko wapi. Ulikuwa unamsimulia askari wa jeshi, kwa lugha ya mtihani, namna jeshi lilivyomchukua kaka yako. Naye anatikisa kichwa taratibu, povu masikioni, kama mzee anayesikiliza hotuba ya harusi. Wembe wangu ulikuwa unapita kooni kwake. Sijawahi kumnyoa mtu kwa uangalifu kama ule, na hata siku moja sikuogopa kumkata mteja kiasi kile.

Ulipomaliza nikamfuta kwa kipande cha gazeti. Akajipapasa shavu.

"Kizungu muzuri," akasema. Halafu, akiwa bado anajipapasa: "Nani hii Hamisi?"

Nilikuwa nimefungua mdomo. Ulinitangulia. "Ni kaka yangu."

"Iko wapi?"

Hapo nilikujibia mimi, upesi, kabla ya ukweli kukuzoea. "Yuko Kisumu, afande. Amepata kazi."

Akavaa kofia mbele ya kioo, akainyoosha. Alichukua muda mrefu kuliko kofia ilivyohitaji. "Ambia yeye akae hukohuko," akasema. Akatoka.

Mpaka leo sijui alielewa kiasi gani. Tulibishana juu yake miaka mingi, wewe ukisema hakuelewa neno, mimi nikisema alielewa yote, halafu siku nyingine tunabadilishana pande. Hakurudi. Sijui mkewe alijifungua nini. Ninachojua ni kwamba alipoondoka ulibaki kwenye kiti, umefungwa kitambaa mpaka kidevuni, ukalia kwa sauti, kilio kile ambacho kilikuwa kimekaa foleni tangu asubuhi ya gari lile. Nikafunga mlango. Nikaendelea kukuchana nywele kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Baada ya hapo yule mzee wa Jinja alikuwa mzee tu mwenye miwani. Uliniambia ulikaa kabla hajakwambia ukae. Aliuliza swali lilelile. Nadhani alilitunza kwa ajili yako. Ukamweleza una kaka fundi redio, anayepiga mluzi anapotafuta stesheni, anayechukia samaki ingawa amezaliwa ziwani, na kwamba hujui alipo. Hukutaja gari. Hukutaja Kisumu. Yule mama wa kitambaa aliacha kuandika. Mzee akakwambia muda wako umekwisha, kisha akakuacha useme dakika nyingine nyingi.

Ulipofaulu, Malukhu yote iliambiwa na Wafula, aliyedai kitabu kilikuwa chake na kwa hiyo cheti ni nusu yake.

Mengine wewe unayajua kuliko mimi. Ulizalisha nusu ya mji huu. Nilikuwa nanyoa vijana ambao wewe ndiye uliyewashika kwanza, nikawaambia kichwa hiki mke wangu alikiona kikiwa kibichi. Jeshi lile likaondoka. Hamisi hakuonekana Kisumu wala kwingine. Tulimsomea dua Jinja bila kaburi, na baba yako, kwa mara ya kwanza tangu daftari lile, akachukua kalamu akaandika jina la mwanawe kwenye karatasi ili imamu asikosee. Mimi nikajifunza Kiingereza kwa vitabu vyako vya chuo, kimyakimya, usije ukagundua kwamba zamani sikukijua.

Sasa nikukirie jambo. Nilimwambia Jamila tulizichoma zote. Si kweli. Moja niliiba.

Ilikuwa miezi ya mwanzo, kabla ya mtihani wa kuandika. Mada ilikuwa mtu unayemheshimu. Nilipokuwa nasahihisha, yaani natazama mistari, nikaona mstari wa kwanza kabisa umeandika Hamisi. Nikafikiri, nyumba nzima haina hata karatasi yenye jina lake. Ulipoinama kupuliza jiko nikachana ukurasa mwingine mtupu nikautia motoni, na huo nikaukunja, kesho yake nikauingiza nyuma ya kile kioo, kati ya kioo na ubao. Ndiyo. Askari alipokuwa ananyoosha kofia yake, uso wake na jina la Hamisi vilitenganishwa na unene wa kioo. Unajua sasa kwa nini nilimnyoa kwa uangalifu ule.

Nilipofunga duka, kioo kilikuja nyumbani, na wewe ukawa unachana nywele mbele yake kila asubuhi. Ningeutoaje? Ningelazimika kukwambia nilivunja amri, na ungekileta mezani pamoja na kile kicheko.

Juzi, Jamila alipoondoka, nikakishusha. Misumari imeota kutu, ubao umeliwa pembeni, karatasi imekuwa ya njano lakini nzima. Nikavaa miwani. Miaka yote hii nilidhani ni habari za Hamisi. Nikausoma, safari hii kwa Kiingereza changu chote. Umeandika hivi:

"Kaka yangu Hamisi aliniambia nisiolewe na kinyozi, kwa sababu vinyozi wanaongea sana. Alikosea. Mume wangu anaongea kidogo. Kila jioni ananiuliza maswali asiyoyaelewa, ananisikiliza mpaka mwisho, na anatikisa kichwa pale ambapo mtu mwenye akili angetikisa. Insha zangu anazipa alama bila kuzisoma. Anadhani sijui. Kama angekijua Kiingereza nisingeweza kuandika haya, na kama asingesikiliza nisingeweza kuandika chochote. Nikifaulu nitamwambia."

Chini yake, kwa penseli, mwandiko wangu: saba. Na onyo: mistari inapanda mlima.

Ulifaulu, Mama Jamila. Hukuniambia. Miaka yote ile uliniita mwalimu mbele ya wageni, nami nikakaa vizuri kwenye kiti.

Karatasi nimempa Jamila, iko kwenye fremu. Ameisoma amesimama, kisha akageuka kuniuliza ni mwalimu gani huyo aliyekunyima zile tatu. Nikamwambia ni mtahini mmoja wa Malukhu, wakati ule hakuwa ameelewa.

Barua hii jiko limeiona na halitaipata. Pumzika kwa amani. Ukimwona Hamisi mbele yangu, mwambie alikosea kuhusu vinyozi, na kwamba nimeiona kwa maandishi.

Mumeo na mtahini wako,
Baba Jamila